Kabla hujakubali meno ya mtoto yasagwe

Binti yangu ana miaka 14 na alikuwa ameacha kucheka. Picha zote mdomo umefungwa, na akishikwa na kicheko mkono uko mdomoni, maana kwenye meno mawili ya mbele kulikuwa na madoa ya kahawia na mistari myeupe kama chokaa. Na mimi, Mungu anisamehe, miaka yote hiyo nilikuwa namwambia hapigi mswaki vizuri.

Kliniki ya kwanza, huko mjini, hata dakika kumi hazijaisha tukaambiwa asagwe meno sita awekwe vinia, yale maganda membamba ya kubandika mbele ya jino. Nikasema wacha kwanza nikafikirie.

Daktari wa pili alianza na swali: "Mama, huyu akiwa mdogo alikuwa anakunywa maji gani?" Maji ya kisima cha ploti, Kasarani. Kumbe ni floraidi, madini yanayokuwa ndani ya maji, yakizidi yanatia meno madoa. WHO wanasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita na visima kibao hapa Nairobi vinapita hiyo, na enameli, lile ganda gumu la nje, ya meno ya mbele inajengeka mtoto akiwa bado mdogo kabisa, jino likiota doa liko tayari, mswaki utafanya nini? Na mimi nilikuwa nayachemsha vizuri, kumbe kuchemsha hakuitoi, maji yanapungua, floraidi inabaki.

Alifunika ufizi na kile kimpira, akasugua juu juu na asidi na unga laini, kahawia ikaondoka. Ile mistari myeupe akaipaka jeli ya asidi dakika mbili, akakausha, halafu resini, plastiki ya majimaji, nyepesi kama maji, ikaingia kwenye vitundu vya enameli, akaimulika na taa ikashika. Hakuna sindano, hakuna drili. Weupe ule, aliniambia, ni vitundu vyenye hewa na maji vinavyotawanya mwanga, resini ikivijaza jino linafanana na mengine. Kwa umri huu kiini cha jino, ile sehemu laini ya ndani yenye neva, bado ni kikubwa na ufizi haujatulia, ukisaga leo umesaga maisha.

Si miujiza. Mstari mmoja bado unauona ukimkaribia, na siku ile tulirudi nyumbani meno yakiwa meupe kuliko tulivyoenda, nikapaniki, kumbe yalikuwa yamekauka tu. Bima nao wakasema ni urembo, nikalipa mfukoni.

Mdogo wake ana miaka mitatu, dawa ya meno namwekea saizi ya njegere moja na nasimama hapo mpaka ateme, maana nayo ina floraidi. Maji ya kunywa tunanunua kwa jamaa wa hapo steji, lakini nilimuuliza kwanza kama mashine yake inatoa floraidi, maana filta za kawaida hazitoi.