Sarafu Chache, Swali Moja: Ushauri kwa Anayeandaa Maonyesho ya Sarafu za Kumbukumbu

Ukitaka kuandaa maonyesho ya sarafu za kumbukumbu, iwe shuleni, kwenye maktaba ya wilaya au kwenye banda la sherehe za Uhuru, kazi ya kwanza ni kupunguza. Sisi wakusanyaji tunapenda kutandaza kila tulicho nacho. Mtazamaji naye anafika mbele ya safu za vipande vya chuma, vingi vikiwa vidogo kama kifungo cha koti, anaona kichwa cha rais, mnyama, kichwa cha rais, mnyama, kisha anaenda zake kutafuta soda. Miaka yote ambayo nimekuwa nikiwaandalia wanafunzi meza za aina hii, nimeona jambo moja likijirudia: sarafu zikipungua, watu wanasimama muda mrefu zaidi.

Sarafu ya kumbukumbu ina kitu ambacho sarafu ya kawaida haina. Kuna watu walikaa kikao wakaamua kwamba tukio fulani lastahili kuchorwa kwenye chuma, likapita mikononi mwa wananchi au likauzwa kwa wakusanyaji wa nje. Meza yako imfikishe mtazamaji kwenye uamuzi huo. Nani aliamua? Kwa nini jambo lile, na kwa nini mwaka ule? Kila sarafu isiyosaidia kujibu maswali hayo irudi kwenye boksi, hata kama ni ya madini ya fedha halisi na wewe unaipenda kuliko zote.

Nitoe mfano wa meza ninayoipenda sana, ambayo ina sarafu tatu tu, zote za Kenya. Ya kwanza ni shilingi 5 ya mwaka 1973, yenye pembe tisa, ikiwa na Mzee Jomo Kenyatta, ya kuadhimisha miaka 10 ya uhuru. Ya pili ni shilingi 40 ya mwaka 2003, iliyotengenezwa kwa metali mbili, ikiwa na Rais Mwai Kibaki, ya miaka 40 ya uhuru. Ya tatu ni shilingi 20 ya toleo lililozinduliwa tarehe 11 Desemba 2018, mkesha wa Jamhuri. Hii ina tembo upande mmoja na nembo ya taifa upande wa pili. Hakuna sura ya mtu popote.

Kati ya ya pili na ya tatu ninabandika karatasi moja yenye herufi kubwa, inayoeleza Ibara ya 231(4) ya Katiba ya Kenya ya 2010: noti na sarafu zinaweza kuwa na picha zinazoiwakilisha Kenya, lakini zisiwe na sura ya mtu yeyote. Basi. Siongezi neno. Watoto wa darasa la sita wanasogea kutoka kushoto kwenda kulia, wanamkuta Kenyatta, wanamkuta Kibaki, wanasoma ile karatasi, wanamkuta tembo, na mjadala unaanza bila mimi kufungua mdomo. Mmoja anasema ni vizuri, pesa ni ya wote. Mwingine anauliza kwa nini mashujaa waondolewe. Mwalimu wa uraia akiwepo hapo, kipindi chake cha wiki nzima kimepatikana.

Kuna mtu ataniambia kwamba ile ya 2018 si sarafu ya kumbukumbu, ni pesa ya matumizi. Ni kweli. Lakini bila hiyo zile mbili za mwanzo hazina mahali pa kufikia, na mimi naona somo lina uzito kuliko usafi wa orodha. Ukiwa na nafasi moja ya ziada, itumie kwa sarafu ya kawaida inayoifanya ile ya kumbukumbu ieleweke.

Kwa upande wa Tanzania, jozi inayonifurahisha zaidi ni ya kifaru. Mwaka 1974 nchi yetu ilitoa sarafu tatu za uhifadhi wa wanyamapori: shilingi 25 ya twiga na shilingi 50 ya kifaru, zote za madini ya fedha, na shilingi 1,500 ya duma, ya dhahabu. Zilikuwa sehemu ya mpango wa kimataifa ulioshirikisha nchi nyingi, na mapato yake yalisaidia shughuli za uhifadhi. Hazikutengenezwa kwa ajili ya kununulia chumvi dukani. Kisha mwaka 1996 ikatoka shilingi 50 ya kawaida, upande mmoja Rais Mwinyi, upande wa pili kifaru na mtoto wake. Thamani ileile iliyoandikwa, mnyama yuleyule, miaka 22 katikati.

Hapo katikati pana mambo mawili makubwa, na yote mawili unaweza kuyaonyesha kwa kadi moja moja. La kwanza ni ujangili. Mwaka 1970 Afrika ilikadiriwa kuwa na vifaru weusi wapatao 65,000. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 walikuwa wamebaki chini ya 2,500. Kwa hiyo kifaru wa 1974 alichorwa wakati hofu ndiyo inaanza, na yule wa 1996, mwenye mtoto pembeni, alichorwa wakati vifaru walikuwa karibu kwisha. Watazamaji wengi hawawezi kumtazama yule mtoto wa kifaru kwa jicho lilelile baada ya kusoma takwimu hizo.

La pili ni thamani ya shilingi. Mwaka 1974 noti kubwa kuliko zote nchini ilikuwa ya shilingi 100, kwa hiyo shilingi 50 ilikuwa nusu ya noti kubwa ya taifa. Leo mtoto anajua mwenyewe shilingi 50 inamnunulia nini, na ndiyo maana kwenye kadi hii naandika swali tu, wao wanajaza jibu kwa kalamu. Wazee wakipita wanabaki hapo wakikumbushana nauli na bei ya mkate.

Usipokuwa na ile ya fedha ya 1974, usijisumbue. Picha kubwa iliyopigwa vizuri inatosha kabisa. Ya 1996 bado unaweza kuipata, tena ile ndiyo ya kuwaachia watoto washike. Ni chuma kilichopakwa shaba ya njano, hivyo weka sumaku pembeni na uwaache waone ikinasa. Mtoto akishashika sarafu, akaipima uzito mkononi, akaona sumaku inaivuta, anarudi kwenye ile iliyoko ndani ya kioo akiwa na maswali. Ukiwa na thumni au shilingi zilizochakaa, wape pia karatasi nyepesi na penseli laini wasugue juu yake hadi mchoro utokee. Kitu hicho hakigharimu chochote na kinawatuliza hata darasa la kelele.

Kuhusu picha kubwa: kabla ya kuchapisha sura ya pesa yoyote inayotumika sasa, uliza benki kuu ya nchi husika. Kila nchi ina masharti yake kuhusu kunakili pesa. Barua fupi ya kuomba ruhusa, yenye kueleza kwamba ni kwa ajili ya elimu, ni kazi ya asubuhi moja.

Sasa pande mbili. Sarafu ikilala chali mezani imeficha nusu ya habari yake, na mara nyingi nusu iliyofichwa ndiyo yenye kumbukumbu. Shilingi 5 ya Tanzania ya 1971, ile yenye pembe kumi, ina Mwalimu Nyerere upande mmoja, lakini ukitaka kuona jinsi sherehe za miaka 10 ya Uhuru zilivyounganishwa na habari ya kilimo na chakula lazima uigeuze. Ukiwa na nakala mbili, onyesha moja kila upande. Ukiwa na moja, isimamishe kwenye kishikizo na uweke kioo cha kujitazamia nyuma yake, au weka picha ya upande wa pili ubavuni, kubwa kama sahani. Watu wa pwani hii walikuwa wanasoma pande mbili za sarafu tangu zamani. Kwenye sarafu za shaba za masultani wa Kilwa, kama zile za Ali bin al-Hasan, jina la mtawala liko upande mmoja na upande wa pili kuna maneno ya kumtegemea Mola yanayofanya vina na jina hilo. Ni shairi la mistari miwili lililogawanywa kwenye pande mbili za kipande cha shaba. Nikiwasimulia wanafunzi habari hiyo, hawaachi tena kuigeuza sarafu.

Taa ni jambo ambalo wengi wanalipuuza, nalo linaharibu meza nzuri. Mchoro wa sarafu umeinuka kidogo sana. Ukiumulika kutoka juu moja kwa moja, uso wote unang'aa na hakuna kinachosomeka. Sogeza taa ije kwa ubavuni, chini chini, hadi uone kivuli chembamba kwenye ukingo wa pua ya Mwalimu au kwenye mikunjo ya ngozi ya kifaru. Hapo ndipo sarafu inafunguka. Tumia taa za LED zisizotoa joto, kisha simama pale atakaposimama mtazamaji uangalie kama kioo cha kabati kinarudisha mwanga machoni. Halafu piga magoti uangalie tena, kwa sababu wageni wako wengi ni watoto. Kabati lililolala kidogo, kama dawati la zamani la shule, linawafaa watoto na watu wazima pia. Lenzi ya kukuzia ifunge kwa uzi, la sivyo itaondoka na mtu.

Kadi ya maelezo iwe fupi na herufi ziwe kubwa. Usianze na uzito, kipenyo na mchanganyiko wa madini; hayo yaweke chini kabisa kwa herufi ndogo, wakusanyaji watayatafuta wenyewe. Anza na kile ambacho jicho linaona lakini akili haijakielewa. Hii hapa kadi ninayotumia kwa sarafu ya Kibaki:

«Shilingi 40, Kenya, 2003. Kenya haikuwahi kuwa na sarafu ya thamani hii. Hesabu kutoka 1963 hadi 2003, utajua kwa nini. Rais aliye hapa aliapishwa Desemba 2002. Ungekuwa wewe, ungeweka sura ya nani?»

Hayo tu. Yaandike kwa Kiswahili ambacho mama mwenye genge nje ya geti anakisoma bila kukwama. Mpe asome kabla hujachapisha. Akiuliza swali, kadi bado haijaiva.

Kwa wenzangu wa Tanga, Mombasa, Unguja na kote pwani, hewa yetu ina chumvi na unyevu, na sarafu zinaumia haraka. Weka ndani ya kabati vile vipakiti vya kukaushia unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu na simu, na uvibadilishe. Usilaze sarafu za fedha juu ya kitambaa cha sufu wala kuzifunga kwa mipira ya rababendi, kwa sababu salfa iliyomo inazitia weusi. Kabati lililopakwa rangi juzi liache wazi hadi harufu iishe kabisa. Mifuko ya plastiki laini yenye harufu kali huacha utando wa kijani unaonata. Tafuta ile ya plastiki ngumu isiyo na harufu. Shika sarafu kwa ukingo, ukiwa na glavu. Na tafadhali sana, usisafishe. Ndimu, majivu, dawa ya meno, mchanga laini, vyote hivyo vinakwangua uso na kufuta mchoro ambao ndio uliokuja kuuonyesha. Sarafu yenye weusi wa umri wake ni nzuri. Iliyosuguliwa imeharibika na hakuna wa kuirudisha.

Maonyesho yakishafunguliwa, watu wataanza kuleta za kwao. Hili ndilo linalonigusa zaidi katika kazi hii yote. Mama mmoja alikuja na shilingi 20 ya mwaka 1981, ya miaka 20 ya Uhuru, akiwa ameifunga kwenye kona ya kanga. Nikamwambia, «Shikamoo mama, hii umeitunza muda wote huo?» Akasema marehemu mumewe alimpa siku mtoto wao wa kwanza alipozaliwa, akamkataza kuitumia. Sarafu ile iliingia kwenye meza siku hiyohiyo, ubavuni mwa shilingi 40 ya Kenya, kwa kuwa zote mbili zimeandikwa thamani inayolingana na miaka ya uhuru. Kadi yake ilieleza mtoto aliyezaliwa kabla ya kueleza taifa, kwa idhini ya mama mwenyewe na bila kumtaja jina.

Kwa hiyo uwe na daftari la kuazima tangu siku ya kwanza. Mtu akileta sarafu, ipige picha pande zote mbili mbele yake, andika nchi, thamani, mwaka na kila mkwaruzo unaouona, andika siku utakayomrudishia, wote wawili mtie saini, naye aondoke na nakala. Acha nusu ukurasa mtupu chini ya kila jina kwa ajili ya simulizi yake, uiandike kwa maneno yake mwenyewe, kisha umsomee kabla hajaondoka ili asahihishe panapostahili.