Usimtumie huyo mtu pesa Ijumaa

Ndugu wa Kondele, usilipe. Unauza nyavu na taa za sola za wavuvi, tovuti yako ina kurasa 40, unauliza upange vipi linki za ndani na uelekeze wasomaji kwenye tovuti gani za nje. Halafu ukamalizia, kana kwamba ni jambo dogo, kuwa kuna kijana wa kukuuzia linki 2,000, yaani viungo kwenye tovuti za watu wengine vinavyoelekeza kwako, kwa shilingi 15,000. Hapo ndipo penye moto. Mengine yangoje.

Mimi nauza mashine za kutotolea mayai hapa Nakuru, Section 58. Nililipa 18,000. Aliyeniuzia alikuja dukani na laptopu, akanionyesha grafu inayopanda, akaniambia linki ni kura na mwenye kura nyingi ndiye mshindi. Kweli Google ilianza na wazo hilo, waanzilishi wake Page na Brin walilibuni wakiwa Chuo Kikuu cha Stanford, lakini tangu mwanzo walipima pia uzito wa anayekupigia kura. Hilo hakulisema. Wala hakusema kwamba kura za kununuliwa zinafutwa.

Wiki tatu nilipanda kwenye matokeo ya Google. Simu zililia, mteja akatoka Bungoma kuchukua mashine ya mayai 264. Kisha asubuhi moja nikafungua Search Console, chombo cha Google cha wenye tovuti, nikakuta ujumbe: tovuti yangu ina linki zisizo za asili, imeadhibiwa. Ilikuwa Julai, wakati wafugaji wanaatamisha mayai ya kuku wa Desemba. Mwezi ule wote walionipata kupitia mtandao walikuwa wawili.

Nilipakua orodha ya linki nikakesha nayo. Tovuti ya kamari ya lugha nisiyoijua. Tovuti ya dawa za kupunguza unene. Blogu ya viatu yenye kurasa mbili. Na kila moja ina maneno yaleyale ya kubofya, herufi kwa herufi: "mashine za kutotolea mayai bei nafuu Nakuru". Nani anayeandika habari za viatu akakumbuka mashine zangu kwa maneno hayo?

Niliwaandikia wenye tovuti waziondoe. Wawili walijibu, mmoja wao akidai alipwe kwanza. Nikatumia faili la kuzikana linki, la kuiambia Google isizihesabu, ambalo Google imekuwa nalo tangu 2012, nikakosea tena: nilikana ukurasa mmoja mmoja, na tovuti za aina ile huzaa kurasa kila siku. Ombi langu la kuondolewa adhabu likakataliwa. Mara ya pili niliandika domain: mbele ya jina la kila tovuti, nikakiri wazi kwamba nililipa. Adhabu iliondolewa baada ya miezi 5, lakini nafasi yangu haikurudi, maana kilichonipandisha hakikuwepo tena.

Utaambiwa siku hizi Google hupuuza tu linki chafu. Ni kweli, tangu 2016 Penguin, mfumo wa Google wa kunasa linki za hila, huzipuuza nyingi badala ya kukushusha. Basi bahati yako ikiwa nzuri umelipa 15,000 upuuzwe, na ikiwa mbaya mkaguzi wa Google anakuadhibu kama mimi.

Yule aliyeniuzia alizima simu siku niliyomtumia picha ya ujumbe ule. Baadaye nikamkuta kwenye kundi la WhatsApp akitangaza kifurushi kilekile, bei imepanda. Nina hasira naye mpaka leo.

Kabla ya kuchukua linki yoyote jiulize: kuna mtu aliye hai atakayeibofya aje anunue wavu? Mfugaji mmoja wa Njoro aliandika jinsi alivyototoa vifaranga kwa mashine yangu, akaweka linki. Hiyo moja bado inaniletea wateja. Wewe tafuta fundi wa mashua wa Dunga mwenye ukurasa wake, au kikundi cha wavuvi wanaotumia taa zako. Ukilipia tangazo, linki yake iwekwe alama ya sponsored, inayoiambia Google kwamba imelipiwa, ambayo ipo tangu 2019. Muuzaji akikataa alama hiyo, ondoka.

Linki za ndani: kila ukurasa ufikiwe kutoka ukurasa mwingine, na maneno ya kubofya yataje kilichopo huko, "nyavu za omena", si "bofya hapa".

Kama umeshampa arubuni, mwambie leo asiweke hata linki moja, kisha uipakue orodha yako ya sasa kwenye Search Console kabla hajagusa kitu. Ukikwama niandikie, faili langu bado ninalo.