Majibu bado? Uliza yanasubiri nini

Pole sana, wewe uliyeambiwa juzi kwamba uvimbe ule ni saratani. Mimi yangu ilikuwa ya titi la kushoto. Siku ile nilitoka kwa daktari na karatasi mkononi, nisijue hata imeandikwa nini. Usijilazimishe kuelewa kila kitu siku hiyo. Lia, kula, lala kama usingizi unakuja. Kesho yake mtafute mtu mmoja, si ukoo mzima, wa kuongozana nawe kila unapokwenda hospitali. Kwangu alikuwa mdogo wangu wa kike. Yeye ndiye aliyekuwa akiandika kwenye daftari maneno yote ya daktari, maana mtu mwenye hofu husikia nusu.

Kilichonitesa zaidi ni kusubiri.

Saratani ya matiti haithibitishwi kwa kushikwa wala kwa utrasaundi peke yake. Lazima kinyama kitolewe, kiwekwe kwenye fomalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, kipelekwe maabara, kikatwe vipande vyembamba mno, na daktari bingwa wa patholojia akitazame kwa hadubini. Mabingwa hao ni wachache, kwa hiyo sampuli nyingi za mikoani husafirishwa. Halafu kuna kipimo kingine ambacho wengi hatuambiwi mapema: cha kuangalia kama seli za saratani zina vipokezi vya homoni, yaani sehemu zinazopokea homoni za mwili, na kama zina kwa wingi protini iitwayo HER2. Hicho humsaidia daktari kuamua kama utafaidika na vidonge vya homoni kama tamoksifeni, au dawa inayolenga HER2, pamoja na upasuaji, dripu za kemo na mionzi.

Nilipoambiwa "majibu bado" mara kwa mara, nilidhani ugonjwa wangu ndio mgumu. Kumbe hicho kipimo cha pili hakikuwa kimeombwa kabisa. Kinyama changu kilikuwa maabara, kinasubiri fomu na malipo, na hakuna aliyeniambia. Hadi leo jambo hilo linaniuma, kwa sababu najua wako wengine kwenye benchi lile lile.

Kwa hiyo ukiambiwa bado, uliza: yanasubiri nini? Sampuli iko wapi sasa? Kipimo kimeombwa? Kimelipiwa, au bima haijaidhinisha? Uliza kwa upole, "Samahani sista, naomba unisaidie kujua sampuli yangu imefikia wapi," lakini usiondoke bila jibu. Andika namba ya maabara ya sampuli yako, na omba nakala ya ripoti ukae nayo mwenyewe. Jua pia kwamba kinyama huhifadhiwa ndani ya nta, wenyewe wanaita bloku. Kikihitajika kipimo cha ziada, mara nyingi hutumika bloku hiyo hiyo, hata ikibidi ipelekwe maabara nyingine. Uliza hilo kabla hujakubali kukatwa tena.

Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa saratani ya matiti wa mwaka 2021, linataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni kwa mara ya kwanza. Muda huo ukikupita hujapata jibu kamili, una haki ya kuomba kuonana na mganga mfawidhi.

Ila si kila kusubiri ni kupotezewa muda. Kupimwa moyo kabla ya baadhi ya dawa, kuongezwa damu, kupigwa picha ya CT kuona kama ugonjwa umesambaa, hayo ni sehemu ya matibabu yenyewe. Yape nafasi.

Katika pengo hilo la kusubiri ndipo chupa za mitishamba huletwa nyumbani, na wanaozileta wanakupenda. Usitumie chochote kabla hujamwambia daktari wako, kwani baadhi huumiza ini au hugongana na dawa za hospitali. Na usiache foleni yako kwa ajili ya chupa.

Panga mapema mahali pa kulala. Mionzi hutolewa kwa kawaida Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki kadhaa, na wengi hutibiwa na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Ukipewa rufaa ya Ocean Road, hospitali ya saratani iliyoko Dar es Salaam, nawe unatoka mkoani, tafuta ndugu wa Dar kabla ya tarehe kufika. Ukiwa Kanda ya Ziwa, uliza kwanza kuhusu hospitali ya Bugando, Mwanza.

Na zile simu za jioni za "vipi, wamesemaje?", mwachie yule mwenye daftari azipokee.