Valvu ya NPT, fitingi ya BSP: kwa nini oili inavuja tela likibeba mzigo

Swali: Habari za kazi, mhandisi. Nina tela la kutipu ninalovuta kwa trekta hapa Kilosa, nabebea mchanga na mahindi. Valvu yake iliharibika, ndugu yangu akaniletea mpya kutoka Marekani. Kwenye matundu imeandikwa 1/2 NPT. Dukani nikanunua fitingi za nusu inchi, zikaingia kwa mkono raundi tatu nne bila tabu, nikamalizia kwa spana. Tela tupu linanyanyuka vizuri, ila likiwa na mzigo oili inatoka kuzunguka hesi, yale meno ya kukazia fitingi. Nimefunga tepu mara mbili, wapi. Muuzaji anasema fitingi za kampuni tofauti haziendani, ninunue zote za kampuni moja. Ni kweli?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Muuzaji ana ukweli kidogo, lakini ni wa upande mwingine, wa hosi (mpira wa kupitishia oili), si huo unaokusumbua. Upande wa valvu, jina la kampuni halina kazi. NPT ni kiwango cha hesi cha Marekani; fitingi ya 1/2 NPT ya kampuni ya Parker itaziba kwenye tundu la 1/2 NPT la mtengenezaji yeyote, maana wote wanakata hesi kwa kipimo kilekile kilichokubaliwa. Wewe hukuchanganya kampuni. Umechanganya viwango.

Kilichokuponza ni hilo neno "nusu inchi". Chukua kalipa (kipimo cha unene cha fundi) upime fitingi yako kwa nje, utapata kama milimita 21, wakati nusu inchi ni milimita 12.7. Jina hilo lilitokana na tundu la bomba la zamani, si unene wa hesi. Huku kwetu maduka ya bomba na fitingi yamezoea hesi ya Kiingereza, BSP, tangu enzi za mkoloni. Ukiomba nusu inchi, ndiyo utakayopewa bila kuulizwa. Wamarekani wana yao, NPT. Kwa bahati mbaya, katika saizi ya nusu inchi na ya robo tatu, zote mbili zina meno 14 kwa inchi moja. Ndiyo maana yako iliingia kwa mkono kama imezaliwa pale. Ingekuwa robo inchi, BSP ina meno 19 na NPT 18, ingekwama mapema na ungeshtuka.

Meno yanalingana kwa idadi, hayalingani kwa umbo. Pembe ya jino la BSP ni digrii 55 na kilele chake ni cha mviringo. La NPT ni digrii 60, na kilele kimekatwa bapa. Ukizikutanisha, kati ya jino na jino inabaki njia nyembamba inayozunguka kama ngazi ya mnara, kutoka ndani hadi nje. Tela likiwa tupu presha ni ndogo, tepu inaweza kuzuia. Ukipakia mchanga presha inapanda kufuata mzigo, na haidroliki ya trekta hufika bar 150 hadi 200. Tepu ile imetengenezwa kwa bomba la maji ya nyumbani, lenye bar chache tu.

Kwa hiyo usiongeze tepu, na tafadhali usiongeze nguvu ya spana. Fitingi yenye hesi ya kuchongoka ni kabari; ukiendelea kuikaza inapasua mwili wa valvu, na mwili huo ni chuma cha kuyeyushwa, hauchomelewi kirahisi. Niliwahi kuletewa valvu mpya kabisa yenye ufa kwa sababu hiyohiyo. Mwenyewe alikuwa ameongezea bomba kwenye mkono wa spana.

Fanya hivi. Fungua fitingi, toa tepu yote kwa ncha ya mbao, na usiache hata uzi mmoja. Vipande vya tepu vikiingia ndani vinakwenda kukwama kwenye spuli, kile kipande kinachoteleza ndani ya valvu, na hapo tela litaanza kushuka lenyewe. Angalia meno ya tundu kwa tochi. Yakiwa bado mazima, nunua adapta ya chuma iliyotengenezwa kwa haidroliki: upande mmoja 1/2 NPT dume, upande wa pili 1/2 BSP dume yenye koni ya digrii 60, ile inayopokea nati ya hosi. Upande wa NPT paka gundi ya hesi inayofaa kwa haidroliki, ukiacha jino la kwanza kavu, kaza kwa mkono hadi mwisho, kisha spana raundi mbili hivi. Upande wa koni usipake kitu chochote, kwa sababu pale kinachoziba ni chuma kwa chuma na hesi kazi yake ni kuvuta tu. Na usikubali kuuziwa fitingi ya mabati ya maji kwa sababu imeingia vizuri.

Sasa ule ukweli wa muuzaji. Uko kwenye mkia wa fitingi unaoingia ndani ya hosi na kubanwa kwa mashine. Huko kila mtengenezaji ana mikwaruzo yake, ganda lake na kipimo chake cha kubana, na hakuna kiwango kinacholazimisha wafanane. Kuna hosi zinazotaka kumenywa ngozi ya nje kabla ya kubanwa na zisizotaka, na kwa macho huwezi kujua. Mwongozo wa Wamarekani wa hosi, SAE J1273, hautaki uchanganye hosi ya kampuni moja na fitingi ya nyingine bila idhini ya zote mbili. Fitingi ikichomoka chini ya mzigo, tela linaanguka. Kwa hiyo kwa anayekutengenezea hosi, uliza kampuni. Kwa anayekuuzia adapta, uliza kiwango.

Mitego mingine iko, na mashine zetu zinatoka kila pembe ya dunia. Fitingi za Kimarekani za JIC, zenye koni ya digrii 37, na za SAE, zenye koni ya digrii 45, zina hesi ileile katika saizi kadhaa, nusu inchi ikiwemo, lakini koni hazikutani. Kwenye fitingi za Kijerumani za digrii 24, nati ya bomba la milimita 12 la mfululizo mwepesi ina hesi M18x1.5, sawa kabisa na ya bomba la milimita 10 la mfululizo mzito. Komatsu nyingi za zamani zina koni ya digrii 30 na hesi ya milimita. Geji ya hesi na kalipa vitakuokoa kuliko kubahatisha dukani.

Ukishafunga, nyanyua tela likiwa tupu, kisha na mzigo kiasi, na uweke gogo au nguzo imara chini ya bodi kabla hujasogea karibu. Kutafuta uvujaji pitisha kipande cha boksi, kamwe si kiganja: oili ya presha hiyo hutoboa ngozi bila maumivu makubwa, na hapo ni hospitali siku hiyohiyo hata kama kidonda ni kama cha sindano. Ikivuja bado, nitumie picha ya tundu la valvu na ya adapta, pamoja na idadi ya meno uliyohesabu kwenye milimita 12.7. Yakiwa saba, tutaanza kukagua tundu lenyewe.