Papai bichi haliendi ubongoni

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mama yangu ana miaka 71, naishi naye Makorora hapa Tanga. Ana kisukari cha miaka mingi, anameza metformini, na presha nayo anayo. Tangu mwaka jana amekuwa msahaulifu sana. Jambo analiuliza, unamjibu, baada ya muda mfupi analiuliza tena. Juzi alikwenda Soko la Mgandini, njia ya kurudi nyumbani ikampotea. Jirani anauza unga wa papai bichi, shilingi elfu arobaini kwa mkebe. Anasema una vimeng'enya vinavyokula uchafu wa protini kichwani. Ninunue? *Mwanao, Makorora.*

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Usinunue. Pesa hiyo itumie kumpeleka mama kliniki. Jirani yako hakubuni kila kitu: amechukua mambo mawili ya kweli akayaunga mahali pasipoungika.

La kwanza ni hilo papai. Ukilichana papai bichi kwa kisu, unatoka utomvu mweupe, na ndani yake mna kimeng'enya kiitwacho papaini. Kazi yake ni kukata protini iwe vipande vifupi, ambavyo huitwa peptidi. Ndiyo maana watu wa pwani huliweka kwenye pweza na nyama ngumu. Mimi nikitengeneza mishikaki hukwangua kipande kidogo, nikaipaka nyama, nikaiacha kama nusu saa, basi. Ukiilaza na papai hadi asubuhi, nyama inarojeka juu na kumomonyoka kwenye kijiti kabla haijaiva. Utomvu huohuo ukikaa mkononi unawasha, kwa sababu papaini haichagui protini ya kukata.

La pili ni ubongo. Alois Alzheimer, daktari wa Ujerumani, alieleza mwaka 1906 habari za mgonjwa wake aliyepoteza kumbukumbu, na mabonge aliyoyakuta katika ubongo wake baada ya kufa. Leo tunajua mabonge hayo yamejaa peptidi iitwayo amiloidi beta, yenye amino asidi (vijenzi vidogo vya protini) 40 au 42. Peptidi hiyo yenyewe huzaliwa kwa kukatwa: vimeng'enya viwili huikata protini kubwa iliyo kwenye ukuta wa seli, kimoja huku na kingine kule, na kipande cha katikati ndicho amiloidi. Kisha vipo vingine vya kuikatakata iondoke, kama neprilisini na kile kinachovunja insulini. Kwa hiyo ndani ya ubongo ukataji huohuo huleta uchafu na huuondoa pia. Kampuni za dawa zilijaribu kuvizuia vile vinavyoitengeneza. Dawa ya semagacestat ilisimamishwa mwaka 2010 baada ya wagonjwa kuzidi kudhoofika akili badala ya kupona. Ikiwa dawa iliyolenga kimeng'enya kimoja ilileta madhara hayo, kinachokata ovyo kama papaini tukitumaini nini?

Tena hakifiki ubongoni. Papaini yenyewe ni protini. Ikimezwa inakutana na asidi ya tumbo na pepsini, kimeng'enya cha tumboni, kisha vimeng'enya vya kongosho, nayo inakatwa kama kipande cha samaki. Kinachopenya ukuta wa utumbo ni amino asidi na vipeptidi vya amino asidi mbili au tatu. Na ubongo una kizuizi chake kwenye mishipa ya damu, haupokei kila kitu.

Sasa nisikilize hapa, maana barua yako ina neno lililonishtua: metformini. Dawa hiyo ni nzuri na asiiache, lakini ikitumika miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini. Upungufu wa B12 huleta usahaulifu, ganzi ya miguu na kuyumba wakati wa kutembea. Vitamini hiyo tunaipata kwenye samaki, nyama, mayai na maziwa, nayo imeshikamana na protini. Pepsini na asidi ndizo zinazoibandua. Ikibanduka inadakwa na protini nyingine, na vimeng'enya vya kongosho vinapaswa kuikata hiyo nayo ndipo B12 iwe huru kufyonzwa. Mzee ambaye asidi ya tumbo imepungua, au anayemeza omeprazoli kila siku kwa ajili ya vidonda vya tumbo, anaweza kula changu kila mchana na B12 ikapita bure. Vimeng'enya vya kuvihangaikia kwa ajili ya ubongo wa mama ndivyo hivyo, vya tumboni mwake.

Mpeleke Hospitali ya Bombo au kituo chochote chenye maabara. Beba dawa zake zote mkononi, hata za kienyeji. Omba apimwe B12, tezi ya thairoidi, sukari, presha, wingi wa damu, kaswende na VVU, na aulizwe kama ana huzuni au hapati usingizi. Baadhi ya hayo yakitibiwa, kumbukumbu hurudi. Asikie vizuri na aone vizuri pia. Mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kusahau, na presha, kisukari, kutosikia na kutoona yamo. Na kwa sasa asitoke peke yake. Mfanyie karatasi yenye namba yako ya simu, akae nayo kwenye pochi.

Mtindi, ng'onda na papai lililoiva apewe kama chakula. Ng'onda iloweke kwanza na kumwaga maji ya chumvi, kwa sababu ya presha.

SWALI: Nina miaka 58, niko Pongwe. Nilianzishiwa kaptoprili ya presha, tangu hapo nakohoa kikohozi kikavu usiku kucha. Kifua kimepigwa picha, ni kizima. Niiache?

JIBU: Usiiache mwenyewe kaka yangu, presha ikipanda ghafla kiharusi kiko karibu. Dawa hiyo, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1981, ilitokana na uchunguzi wa sumu ya nyoka jararaca wa Brazili. Inazuia kimeng'enya kinachokata peptidi moja ya amino asidi 10 ibaki na 8, na hiyo ya 8 ndiyo inayobana mishipa. Ila kimeng'enya hicho kina kazi nyingine: kuvunja peptidi iitwayo bradikinini. Kikizuiwa, bradikinini inarundikana na kukereketa koo. Kikohozi chako huenda kimetoka hapo. Rudi kwa aliyekuandikia umweleze. Kuna dawa kama losatani zisizogusa kimeng'enya hicho, na ukibadilishiwa kikohozi kwa kawaida huisha ndani ya wiki chache. Lakini ukiona midomo, ulimi au uso vinavimba, usisubiri miadi wala kupambazuka. Usimeze tena kidonge hicho, nenda hospitali saa hiyohiyo.