Kasuku wangu haongei, nimkate ulimi?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, shemeji yangu anaendesha lori za Kongo ndo aliniletea. Huu mwezi wa tano yuko nyumbani hajasema hata neno moja, ni miluzi tu na kelele kama bawaba ya mlango mbovu. Nimemwekea simu inasema "karibu mgeni" mchana na usiku, hamna kitu. Jirani anasema ulimi wake mzito, kuna fundi huku kwetu anaukwangua kwa wembe anatoa gamba la juu, elfu tatu tu. Nauliza, unakwanguliwa sehemu gani hasa, na umri gani ni mzuri ili asiumie? Msomaji, Mombasa.

JIBU: Marahaba dada. Sehemu hakuna na umri hakuna.

Ningeishia hapo, lakini swali hili halikosi kunifikia kila mwezi, linabadilisha nguo tu. Mara ni wembe, mara ni mkasi wa kucha, mara sarafu ya zamani ati unamsugulia ulimi mpaka utando utoke, juzi mtu kanitumia picha ya chupa ya asali na pilipili manga ananiuliza matone mangapi kwa siku. Mi si daktari wa mifugo, niseme wazi, udaktari wangu ni wa kusoma tabia za ndege na sauti zao, miaka na miaka nakaa chini ya miti na kinasa sauti mbu wakinila, kwa hivyo ukiniuliza dawa ya mafua ya ndege nitakutuma kwa wenyewe. Ila la ulimi ni langu, na linanichosha.

Huyo fundi anadhani ndege anaongea kama anavyoongea yeye. Sisi sauti yetu inatoka kooni, juu, pale panapotokeza kikoromeo. Ndege chombo chake cha sauti kiko chini kabisa, ndani ya kifua, pale bomba la hewa linapogawanyika kwenda mapafu mawili, wataalamu wanakiita sirinksi, na hakuna wembe wa mtaani unaofika huko labda umchinje. Sauti ikishatoka huko inapanda juu, na ikifika mdomoni ndo ulimi unaingia kazini kuichonga. Mwaka 2004 mtafiti Gabriel Beckers na wenzake walichukua kasuku wadogo wa kijani wa Amerika Kusini waliokwishakufa, wakaweka spika ndogo mahali pa sirinksi, kisha wakawa wanausogeza ulimi kidogo kidogo, milimita tu, wanapima sauti inayotoka. Ulimi ukisogea kidogo, sauti inabadilika sana. Maana yake kasuku anatumia ulimi wake mnene kama sisi tunavyotumia wetu kutenganisha "a" na "i". Sasa hebu niambie, kiungo kinachomsaidia kutamka ndo hicho hicho unakilipia elfu tatu kikwanguliwe?

Na hilo "gamba" si ugonjwa. Ulimi wa kasuku ni mkavu, mzito, mgumu huko mbele, ndivyo ulivyoumbwa, anaugeuzia punje ya alizeti mpaka ikae sawa kwenye mdomo aipasue. Nililetewa mmoja aliyefanyiwa hiyo kazi, karanga anaishika vizuri na mguu, anaitia mdomoni, inadondoka, anaiokota tena, inadondoka, mwenye naye amesimama pembeni ananiuliza ataanza kuongea lini. Hakuongea. Wiki ya pili alikuwa keshakufa. Kasuku ana gramu mia nne na kitu, damu yake yote ni kama mililita 40, haijazi kikombe kimoja cha kahawa chungu ile ya barazani, we unampeleka kwa mtu mwenye wembe.

Tena tusiulizane kwa nini uongo huu hauishi, manake sio wa Mombasa peke yake, Ulaya walikuwa wanapasua kunguru ndimi kwa imani hiyo hiyo. Hauishi kwa sababu kasuku wengine waliokwanguliwa waliongea baadaye. Waliongea kwa kuwa walikuwa wamekua, au wamezoea nyumba, fundi akachukua sifa na pesa. Ingekuwa ni ulimi basi kuku wote wa Kongowea tungewakwangua wakatusalimia. Kuku haongei hata umkwangue mpaka mfupa, njiwa vilevile, kwa sababu sauti zao wanazaliwa nazo, hawajifunzi. Kwa ndege, wanaojifunza sauti kwa kusikiliza ni hasa makundi matatu: kasuku na jamaa zake, ndege waimbaji (kunguru humo humo), na wale wadogo wa Amerika wanaonyonya maua wakiwa wanaelea hewani. Jambo liko kwenye ubongo, dada, halafu liko kwenye mahaba. Neno mahaba sijalikosea, nakuja huko.

Kuna mama mmoja Mmarekani, Irene Pepperberg, nampenda kumtolea mfano kwa sababu hata hakusomea ndege. Shahada yake ya udaktari aliichukua Harvard mwaka 1976, ya kemia, akaona roho yake haiko kwenye kemia. Mwaka 1977 akaenda duka la wanyama Chicago kununua kasuku wa kijivu, kama wako huyo, na akamwambia mwenye duka amchagulie yeyote yule, asije mtu akasema kachagua mwenye akili. Akamwita Alex. Alipoomba pesa za utafiti mara ya kwanza walimkatalia, mwenyewe anasimulia kwamba ni kama walimuuliza anavuta nini. Miaka thelathini alikuwa na ndege huyo huyo, kutoka chuo hiki kwenda kile, kuna vipindi hana hata mshahara. Alex alipokufa Septemba 2007 alikuwa anajua majina kama hamsini ya vitu, rangi saba, maumbo matano, anahesabu mpaka sita na zaidi, ukimwonyesha sinia la vitu ukamuuliza "vya kijani vingapi" anakujibu, na akichoka anakwambia nataka kurudi, yaani nirudisheni kwenye tundu langu mmenichosha. Tofaa alikataa kuliita jina lake la Kizungu, akaunga ndizi na cheri akatengeneza neno lake mwenyewe, wakamfundisha weee, akashikilia lake.

Ulimi wake haukuguswa.

Kilichofanyika ni hiki. Watu wawili wanakaa mbele ya ndege. Mmoja anashika kitu, tuseme ufunguo, anamuuliza mwenzake hiki nini. Mwenzake akisema sawa anapewa ule ufunguo auchezee, akikosea ananyimwa na kufokewa kidogo, halafu wanabadilishana zamu. Kasuku yuko pembeni anaona wivu unamchoma, na yeye anautaka ule ufunguo, na anaona njia ya kuupata ni kusema lile neno. Akilikaribia tu, hata kwa kukosea, anapewa ufunguo wenyewe, sio karanga, kwa sababu ukimpa karanga kila akisema ufunguo umemfundisha kwamba karanga inaitwa ufunguo. Na huyu mama baadaye alijaribu kuwafundisha kasuku wengine kwa kanda za sauti peke yake, na kwa video peke yake, hawakujifunza yale majina. Kwa hivyo simu yako dada, mchana na usiku, kazi yake ni kumnyima usingizi. Ndege huyu anahitaji masaa kumi mpaka kumi na mbili ya giza na utulivu kila siku. Ungekuwa wewe umefungiwa mahali ugenini, sauti moja inakukaribisha mgeni saa tisa za usiku na mgeni mwenyewe humwoni, ungesema nini?

Kasuku porini ni mtu wa watu. Anaishi kundini, na sauti anazojifunza ndo uzi wa kumshikanisha na wenzake. Kule Venezuela wamewachunguza jamaa zake wadogo mwaka 2011 wakakuta vifaranga wanapata mlio wao wa kuitiwa, kama jina, kutoka kwa wazazi wakiwa bado kiotani. Sasa anapokuwa nyumbani kwako kundi ndo wewe na wanao. Akikupenda atataka sauti yako. Akikuogopa atakaa kimya au atapiga hizo kelele za bawaba, na miezi mitano baada ya kunaswa na kutikiswa kwenye lori sishangai hata kidogo. Mtazame macho: yakiwa meusi-meusi au ya kijivu bado mtoto, yakiwa ya manjano yaliyopauka ni mkubwa, na mkubwa aliyenaswa porini huenda asiseme neno mpaka anakufa, na anaweza kufikisha miaka arobaini. Hiyo miluzi unayoidharau ndo maongezi yake. Mjibu. Akipiga mluzi na wewe piga, ukiingia mwambie umeingia, ukimpa papai sema papai, mtoe kwenye kona mweke mnapokaa, punguza alizeti umpe mboga za majani na matunda (parachichi hapana, ni sumu kwake). Akianza kujinyonyoa manyoya kifuani usingoje, tafuta daktari wa mifugo anayewajua ndege.

Hayo ni yako. Haya mengine ni ya wote.

Kuna biashara inakua sa hivi ya watu wanaojiita wataalamu wa lugha za wanyama. Mmoja anakutafsiria kasuku wako anasema nini kwa kupiga simu, mwingine ana apu, unarekodi mlio inakuandikia "nina njaa, nakupenda". Vijana wananiandikia wanataka kuingia kazi hii wakidhani ndo hiyo. Berlin kulikuwa na farasi anaitwa Hans, ukimpa hesabu anagonga kwato mpaka jibu lifike, maprofesa walimshangilia, mpaka mwaka 1907 Oskar Pfungst akaonyesha kwamba farasi alikuwa anasoma uso na shingo ya muulizaji, muulizaji mwenyewe hajui kwamba anajifichua. Muulizaji asiyelijua jibu akiuliza, na Hans halijui. Tangu hapo nusu ya kazi yetu ni kujizuia tusidanganywe na sisi wenyewe. Apu inaweza kukwambia huyu ni ndege gani, hiyo nakubali, naitumia. Ikikwambia anawaza nini, ifute.

Na msiniambie nadharau mambo ya wazee. Wazee Waborana kaskazini mwa Kenya walikuwa wanasema ndege wa asali anawaongoza mpaka kwenye mzinga, na kwa mlio wake na anavyoruka wanajua upande na umbali. Watu walidhani ni hadithi. Mkenya mwenzetu Hussein Isack wa Makumbusho ya Taifa, pamoja na Heinz-Ulrich Reyer, wakaenda wakafuatana nao, wakapima hatua kwa hatua, na mwaka 1989 wakachapisha kwamba wazee wanasema kweli: bila ndege mzinga ulitafutwa kwa wastani wa saa 8.9, wakiongozwa na ndege saa 3.2. Tofauti ya mzee Mborana na fundi wako ni kwamba mzee alikubali kufuatwa na mtu mwenye saa na daftari. Mwambie fundi wako mtu aje akae naye mwaka mzima ahesabu ndege wangapi kawakwangua, wangapi wameongea, wangapi wamekufa, uone kama hatahama mtaa.

La mwisho hamtalipenda. Huku kwetu kasuku ni nembo ya daftari la shule na mkebe wa mafuta, tumemzoea mpaka tunadhani wako tele. Ghana hawa wa kijivu wamepungua kwa asilimia 90 mpaka 99 tangu 1992, kwa kunaswa na kwa kukatwa ile miti mikubwa wanayotagia kwenye mashimo. Mwaka 2016 nchi wanachama wa CITES, ule mkataba wa dunia wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, zilimwingiza kwenye orodha ya juu kabisa, ile ya kina ndovu, kwa hiyo kumvusha mpakani aliyenaswa porini ili auzwe ni haramu, na Kenya kumfuga bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la serikali, ni kosa, mwaka 2022 walitoa hata msamaha wa muda watu wajitokeze. Dada, nenda mwenyewe kabla hujafuatwa, na shemeji asilete mwingine, maana kwa huyo mmoja aliyefika kwako hai kuna wenzake waliofia kwenye gunia na hakuna aliyewahesabu.

Na nyinyi mnaoniandikia chemba "daktari, wa kijivu sa hivi wanaenda bei gani", mi siuzi ndege.