Kompyuta ya Nyanya Yako

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Arua. Sisi sote tu wazima, na nyanya yako anakusalimu sana. Umeniuliza kama kompyuta mpakato yako ya zamani iwekewe Linux, yaani mfumo endeshi wa bure unaochukua nafasi ya Windows, kabla ya kuletewa nyanya yako, au tumwachie Windows 10 kwa kuwa ndiyo inayojulikana na wengi.

Mimi nashauri Linux Mint, mojawapo ya aina za Linux. Microsoft ilisimamisha masasisho ya bure ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na umesema mwenyewe kwamba kompyuta hiyo imeikataa Windows 11, ilhali Mint ya toleo la 22 itaendelea kupata masasisho ya usalama hadi mwaka 2029. Ama hoja ya kwamba wengi wanaijua Windows, nyanya yako hajawahi kutumia kompyuta yoyote, kwa hiyo hana mazoea atakayolazimika kuyaacha. Kitakachomsumbua ni kukizoea kitu mahali fulani, kisha siku nyingine akikute kimehama, na hapo ndipo ninapotaka utie bidii yako.

Mikono yake inatetemeka siku hizi. Nilimpa kompyuta yangu ajaribu kufungua picha, nikaona kwamba akibofya mara mbili, kipanya kinasogea kati ya mbofyo wa kwanza na wa pili, na badala ya picha kufunguka, alama yake inaburutwa hadi pembeni mwa skrini, naye anadhani ameipoteza. Aliomba radhi, mwanangu, kana kwamba kosa lilikuwa lake, nami sikupenda kabisa kumwona hivyo. Basi ingia katika mipangilio ya programu ya mafaili, uchague vitu vifunguke kwa mbofyo mmoja, kisha ukuze maandishi na mshale mpaka avione bila kuinama. Umnunulie pia kipanya cha waya, maana kile kibao cha kugusa kinadai vidole vilivyotulia.

Kwenye skrini weka yale tu aliyoyaomba, yaani picha za familia, visomo vya Kurani, habari na WhatsApp ya kwenye kivinjari. Hiyo ya mwisho hukatika simu yake isipotumika kwa siku 14, kwa hiyo nitahakikisha simu haizimwi kwa muda mrefu. Programu nyingine usizifute; ziache ndani ya menyu.

Akaunti yake iwe ya kawaida, isiyo na mamlaka ya kuweka programu, na neno la siri la msimamizi tulijue mimi na wewe peke yetu. Matapeli wanaowapigia wazee simu wakijifanya mafundi hawatapata kwake kitu asichokijua. Washa masasisho ya kujiendesha, na uipange programu ya Timeshift ihifadhi hali ya mfumo kila wiki, ili sasisho likiharibu jambo niweze kuirudisha kompyuta ilivyokuwa bila kukusubiri utoke Kampala. Kumbuka tu kwamba kwa kawaida Timeshift haihifadhi picha wala nyaraka zake. Hizo nitazinakili mwenyewe kwenye diski ya nje.

Kabla ya kusakinisha chochote, iwashe Mint moja kwa moja kutoka kwenye flashi, ukague sauti, Wi-Fi, kamera na mwanga wa skrini, kisha uhamishe mafaili yako yote, kwa kuwa ukiiweka Mint peke yake, bila Windows, itafuta kila kilichomo kwenye diski. Faili la kupakua linakaribia GB 3, hivyo lipakue hukohuko. Nieleze pia betri inadumu kwa muda gani, maana umeme hapa hukatika mara kwa mara, na kama betri imechoka nitaanza kutafuta nyingine mapema.

Ni mimi baba yako.